Kuzuia Hakuna Pointi

Commissaire hakuwahi kuwa polisi. Cheo hicho tulimpa sisi watu wa ligi yake, kwa sababu ndiye aliyetunga sheria, ndiye aliyezitafsiri, na ukizivunja ndiye aliyekuhukumu kwa sauti iliyosikika jengo zima la ghorofa pale Berchem-Sainte-Agathe, Brussels. Mimi nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Nilikuwa nimepanga chumba juu yake, na kila Jumamosi asubuhi, saa ambazo mtu aliyetoka zamu anataka kulala, sakafu yangu ilitetemeka.

"Piga! Piga basi, mujinga! Unangoja visa?"

Siku moja nikashuka nimefura, mtandio umekaa upande, nikagonga mlango. Akafungua mzee mrefu aliyevaa shati jeupe na tai, asubuhi ile, nyumbani kwake. Nyuma yake, kwenye televisheni, wanaume wenye fulana zisizo na mikono walikuwa wanagombania mpira wenye umbo la yai katika uwanja wa duara usio na mwisho.

"Papa, watu wanalala."

"Batu gani? Saa hii Australie ni mangaribi." Akanitazama juu hadi chini. "Unatokaka wapi, mama? Bujumbura? Bon. Ingia, Buja. Ikala pale. Utanichagulia beki."

Niliingia kugomba, nikatoka adhuhuri nikiwa na timu. Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Buja, na sikumbuki kama aliwahi kulijua lile nililopewa na wazazi.

Mtu atauliza sisi na mpira wa Australia wapi na wapi. Jibu ni Fiston. Dada yake Commissaire, ambaye wote tulimwita Maman Fiston, alichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi Zambia akapelekwa Adelaide, mwanawe akiwa mgongoni. Mtoto akakua, akawa mrefu kama nguzo ya umeme, na timu kubwa ikamsajili kama beki. Basi ukoo mzima wa Brussels ukajifunza mchezo ule ili umtazame yeye. Kisha Commissaire akagundua fantasi. Ni ligi ya kwenye simu: unachagua wachezaji wa kweli, kila mmoja na bei yake inayopanda na kushuka, wanachokifanya uwanjani kinageuzwa kuwa pointi, na mwenye pointi nyingi anawacheka wenzake wiki nzima. Hatukushindania kitu kingine. Kicheko kile kilitosha kutugombanisha.

Kabla ya kustaafu, Commissaire alikuwa mkaguzi wa magari yaliyogongwa, katika kampuni ya bima. Mkewe, Maman Odette, alituigizia jinsi alivyofanya kazi: anazunguka gari lililopondeka, mikono nyuma, haulizi nani alikuwa ndani, halafu anatamka. Linatengenezeka. Halitengenezeki. Wenye magari walimlilia, na yeye akawajibu kwamba machozi hayanyooshi bati. Alilipenda sana neno hilo. Alilisema kwenye harusi, alilisema kwenye matanga, na mara moja alimwambia padri.

Hakuna mtu niliyewahi kumsikia akieleza thamani ya beki kama yeye, na hakuna maelezo yaliyonikera kama yale. Mshambuliaji, alisema, hata kipofu anajua bei yake: amefunga au hajafunga. Beki ndiye anayewadanganya wajinga. Kwa hiyo kabla ya kumchagua, jiulize kwanza: wapinzani wakikosa goli, nani anaanzisha mpira upya? Huyo anapata mipira ya bure asubuhi hadi jioni, na kila anapoipiga anahesabiwa. Pili, anamlinda nani? Akifungwa kamba na lile jitu la upande wa pili, mshambuliaji wao mkubwa, siku nzima atakuwa anaupiga mpira ngumi usifike mikononi mwa jitu, na ngumi katika fantasi yetu ilikuwa haina pointi hata moja. Lakini yule mwenzake aliyeachwa huru, anayezurura nyuma akidaka mipira iliyopotea, halafu anapasiana na mabeki wenzake taratibu kama watu wanaopasiana chumvi mezani, huyo anachuma kila dakika. Tatu, nani yuko njiani kurudi kutoka kwenye majeraha, aje kumnyang'anya kazi hiyo? Na mwisho, je, mvua inanyesha? Mpira ukilowa haudakiki.

"Donc," alimalizia daima, kidole juu, "beki wa pointi ni ule asiyezuia muntu. Kuzuia hakuna pointi."

"Sasa ni beki wa nini?" nilimuuliza.

"Wa pointi, Buja. Hausikie?"

Hali ya hewa ya Melbourne aliijua kuliko mtabiri wa redio. Ya hapa hakuijua. Alitoka bila mwavuli mwezi wa kumi na moja, akarudi tai imemganda shingoni, akailaumu Ubelgiji nzima. Asubuhi za mechi alitulazimisha sote kula bukari, yaani ugali, na samaki wadogo waliokaangwa na Maman Odette, akibishana nami kwamba wanaitwa ndakala, si ndagala, na mwenyewe hakutia hata tonge mdomoni. Alimkemea kila aliyelia mbele ya televisheni, lakini kwenye misiba ya watu asiowajua alilia hadi wafiwa wakambembeleza. Wagonjwa hakuwatembelea. Nilipolazwa kwa uzazi alimtuma Maman Odette na sufuria, na ujumbe kwamba nisisahau kubadilisha beki wangu kabla ya Ijumaa.

Fiston alikuwa beki wa ngumi. Ndiye aliyekabidhiwa lile jitu, kila wiki jitu jipya. Mechi ikiisha jitu limefunga goli moja au halikufunga, timu ya Fiston imeshinda, na kwenye simu zetu Fiston ana pointi za kuchekesha. Salum, Mtanzania mpishi ambaye naye alikuwa kwenye ligi, alimchagua kila msimu.

"Mzee, huyu ni mtoto wetu," alisema Salum. "Siwezi kumwacha."

"Salum, roho haianzishi mpira. Utakuwa wa mwisho tena."

Na Salum akawa wa mwisho tena. Commissaire hakuwahi kumweka Fiston kwenye timu yake hata wiki moja, na hakuona haya kumwambia dada yake hivyo. Maman Fiston alikuwa kwenye kundi letu la simu. Alijiunga asikie watu wa Brussels wakimsifu mwanawe. Alichosikia kwa kaka yake ni kwamba mwanawe ni mzigo.

Kitu kimoja tu sikukielewa. Fiston akicheza, Commissaire hakukaa. Mechi nyingine alizitazama amezama kwenye kochi, amekunja nne, akitukana. Za Fiston alisimama nyuma ya kochi mwanzo hadi mwisho, mikono imeshika mgongo wa kochi, na hakusema neno. Nilidhani ni goti.

Niseme na kazi yangu, maana hasira yangu inatoka huko. Nafanya mazoezi ya viungo na wagonjwa katika hospitali ya chuo kikuu kule Woluwe-Saint-Lambert, na wengi wanaoletwa kwangu wamegongwa kichwa. Nimemfundisha mhandisi kushika kijiko. Nimemfundisha baba wa watu kwamba yule mwanamke anayelia pembeni ya kitanda ni mkewe. Kwa hiyo Jumamosi ile Fiston alipokimbia kinyumenyume akiufuata mpira angani, na jitu likaja mbio kutoka upande wa pili, mimi nilifumba macho kabla hawajakutana.

Nilipofumbua, Fiston alikuwa chini. Mkono wake mmoja ulikuwa umenyooka juu, umekakamaa, haumshiki mtu wala haushiki kitu. Naujua mkono ule: ni wa ubongo uliotikisika. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Msimu uliopita alikuwa amekaa nje wiki kadhaa kwa jambo hilo hilo, mapazia yamefungwa, taa zimezimwa.

Sebuleni, Maman Odette alisimama na sahani mkononi. Watu wenye machela wakaingia uwanjani. Commissaire, nyuma ya kochi lake, akatoa simu mfukoni akaandika. Simu zetu zikalia zote pamoja.

Alikuwa ameandika: *Fiston ameumia kichwa, ataikala inje. Mutu wa kuchukua nafasi yake ni ule kijana mufupi, njo ataanzisha mipira. Mumuchukue leo, mbele ya bei kupanda.*

Nilisoma mara mbili. Nilidhani Kifaransa kimenichanganya, na maneno yenyewe yalikuwa Kiswahili kitupu.

"Papa, umeandika nini hiki?"

"Mambo ya ligi. Batu banangojea."

"Mtoto wa dada yako amelala kwenye nyasi, wewe unatafuta wa kumrithi?"

"Balimubeba, Buja. Anapumua. Mi si docteur."

"Wala si mtu!" nilisema. Sijawahi kumwambia mzee maneno kama hayo, si Bujumbura wala hapa, na Maman Odette alishtuka akaiweka sahani chini. Sikunyamaza. Nilimwambia kwamba amezoea kuzunguka mabaki ya magari bila kuuliza nani alikuwa ndani, na leo ndani yumo damu yake. Nilimwambia ligi yake ni takataka, na hesabu yake ni ya watu wasiowahi kulindwa na mtu, au waliolindwa wakasahau. Salum alinivuta mkono nikamsukuma.

Simu zikalia tena. Maman Fiston alikuwa amejibu kutoka Adelaide. Neno moja tu: *Yaya.* Kwao ndivyo unavyomwita kaka mkubwa.

Commissaire alilisoma, akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Nilichukua koti langu nikaondoka. Wakati huo nilikuwa nimeshahamia Ganshoren na mume wangu, si mbali, na nilitembea hadi nyumbani kwa miguu kwa sababu nilijua nikipanda basi nitagombana na dereva.

Alfajiri ya Jumapili Maman Fiston alinipigia.

"Buja, wewe njo unajuaka mambo ya vichwa. Niambie kweli. Akirudia kucheza, itakuwa namna gani?"

Nilimwambia kweli. Hakuna anayeweza kuapa, nilisema, lakini kila pigo jipya linalikuta la kwanza bado halijaondoka. Nilimwambia kuhusu wagonjwa wangu, si yote. Alisikiliza bila kulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Fiston hanisikie," alisema. "Anasema wenzake banamutegemea. Anasikiaka mujomba wake peke. Tangu utoto, mujomba akisema, imeisha. Uende kwake, mama. Mi sitaki kusikia sauti yake, lakini wewe uende."

Nilikwenda, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mama yule. Nilimkuta Commissaire ametoka misa ya kwanza, bado ana koti. Nilisimama mlangoni, sikukubali kukaa, nikampa ujumbe wote. Mweleze mtoto aache. Mwambie unamwogopea. Hamsikilizi mtu ila wewe.

Alivua koti, akalitundika, akanyoosha tai. Halafu akampigia Fiston, simu imewekwa sauti wazi juu ya meza, Maman Odette na mimi tunasikia.

"Mujomba," sauti ya Fiston ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Niko sawa. Mwanga tu ndio unaniumiza."

"Fiston, nisikilize. Mi nakuuliza, unajibu. Wapinzani bakikosa goli, ni wewe unaanzisha mupira?"

"Hapana, mujomba."

"Unadakaka mipira mingi?"

"Si kazi yangu."

"Bon. Mwenzako akirudi kutoka majeraha, watamutoa nani? Watakutoa wewe. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, pointi zako ni zile zile, za mutoto wa shule. Miaka yote hii mi sijakuchagua hata siku moja. Unajua juu ya nini?"

Nilisogea niinyakue simu. Maman Odette akanishika.

"Mujomba," alisema Fiston polepole, "mimi ndiye ninayemzuia yule mkubwa. Wiki zote. Hajafunga."

"Kuzuia hakuna pointi. Uko muchezaji wa kawaida, Fiston. Wa kawaida kabisa. Ukitoka leo, Jumamosi hakuna muntu atauliza uko wapi. Minakagua vitu maisha yangu yote, na wewe minakukagua: hauna bei. Toka, utafute kazi."

Halafu, "Sawa, mujomba," na simu ikakatika.

Nilimwambia Commissaire kwamba Mungu amwonyeshe siku ambayo yeye atahitaji mtu na mtu huyo amkague. Hakugeuka. Alikuwa anatazama dirishani, kwenye maegesho, ambako hakukuwa na kitu. Nilishuka ngazi.

Maman Odette alinifuata hadi chini, na ndala zake. Aliniambia kwamba kule Likasi, mjini kwao, ujanani, mumewe alikuwa beki, na golikipa wa timu yao, rafiki yake wa chumba kimoja, aligonga mlingoti kwa kichwa. Wakasema amepona, akarudi golini, akagongwa tena. Kwa miaka Commissaire alikwenda kumlisha.

"Kila Jumapili ule golikipa alikuwa anamuuliza, wewe ni nani?" alisema Maman Odette. "Sasa haendake kwa wagonjwa. Umusamehe, Buja."

Sikumsamehe. Nilimhurumia, na huruma hiyo ikaniongezea hasira, kwa sababu sasa nilijua kwamba maneno mengine alikuwa nayo na hakuyatumia.

Fiston aliacha kucheza msimu ule ule. Timu ikamuaga kwa makofi, alisimama katikati ya uwanja na miwani ya jua, mama yake akiwa pembeni. Commissaire alitazama amesimama nyuma ya kochi. Salum ndiye aliyenisimulia, maana mimi sikukanyaga tena pale. Tangu simu ile Fiston hakupokea tena simu ya mjomba wake. Alibadilisha namba, akanipa mimi, kwa sababu nilimsaidia na mazoezi ya shingo na ya macho kwa njia ya video, na akaniomba jambo moja tu: nisimpe mjomba. Ligi ikafa. Hakuna aliyeivunja, ila Jumamosi moja hakuna aliyekwenda.

Miaka imepita. Mwezi uliopita, katika ukumbi wa hospitali yetu, nilimwona mzee mrefu amesimama mbele ya ubao wa vyumba, uso umeukaribia kiasi kwamba pua ilikuwa karibu kuugusa. Tai ile ile. Ningeweza kupita. Nilipita hata hatua chache, kisha nikarudi.

"Papa Commissaire."

"Nani? Sauti naijua." Akanisogelea. "Buja! Njo wewe! Macho yamekwisha, mama. Nimekuja kwa docteur wa macho. Mupira siuone tena, naona tu batu banakimbia."

Nilimpeleka kwenye mkahawa wa chini, nikamnunulia chai. Tulizungumza habari za Maman Odette na za wanangu. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Nyumbani kwako siku ile nilikuomba umwambie unamwogopea. Kwa nini hukumwambia?"

Alizungusha kikombe. "Woga wangu angeuchekea. Kijana wa miaka ile, ukimuambia una woga juu yake, anakubusu na anarudia uwanjani. Lakini kumuzarau, hapana. Hii inaingia mpaka ndani. Nilijua itaingia."

"Iliingia, Papa. Ilikaa. Kulikuwa na maneno mengine."

"Labda."

"Hukujaribu hata moja!"

Watu wa meza ya pili waligeuka. Yeye alikuwa anakipapasa kishikio cha kikombe kama hajui chai iko upande gani. Na hapo hasira zangu zote juu yake na juu ya Fiston, wanaume wawili wanaopendana wasiotaka kusema, zilinipanda kichwani. Nilitoa simu. Adelaide ilikuwa jioni. Nilikuwa nimeahidi, na nikaivunja ahadi mbele ya chai ya watu. Fiston alipokea kwa video, akitabasamu, kwa sababu namba ilikuwa yangu. Nikamtia mzee simu mkononi.

Tabasamu likafa. Commissaire aliisogeza simu hadi karibu na jicho lake la kushoto, lile linaloona kidogo.

"Fiston?"

Nyuma ya Fiston kulisikika mtoto mdogo akigonga kitu. Nilitegemea akate.

"Mujomba," alisema mwishoni. "Mimi nakumbuka kila neno ulilosema. Kila neno. Wapinzani wakikosa goli, ni wewe unaanzisha mpira. Mvua ikinyesha. Hauna bei. Nakumbuka hata saa iliyokuwa ukutani. Nina hasira na wewe mpaka leo."

Machozi yalikuwa yanamshuka mzee hadi kwenye tai na hakuyafuta.

"Unakumbuka yote?" aliuliza. "Hata saa ya ukuta?"

"Yote."

"Njo vizuri, mutoto wangu. Bakia na hasira. Bakia nayo miaka mingi."

Fiston alimtazama tu, muda mrefu, na hakukata simu.